Wanawake Walioacha Kusikia Joto

Mwenye jimu alikuwa na kifua cha kuwatosha watu wawili, lakini Inspekta alipomwekea mezani kopo tupu la dawa ya saratani ya matiti, aliinuka na kwenda kufunga mlango wa ofisi. Nje vyuma viliendelea kugongana na redio iliendelea kupiga kelele. Aliporudi kukaa, sauti yake ilikuwa imeshuka kama ya mtu aliye msibani.

"Hilo ni langu, afande," alisema. "Ila vijana wangu wasijue."

Inspekta alikuwa amejiandaa kusikia uongo, na ukweli ukamkuta hana swali la pili. Kwa siku mbili nzima alikuwa ameijenga kesi hii kichwani, tofali juu ya tofali. Dawa hospitalini inapungua, kopo linaokotwa kwenye takataka za jimu, kwa hiyo mtoa dawa wa dirishani anaiuza huku na kuwajazia wagonjwa vidonge vya chaki. Kesi safi kabisa, imebaki pingu tu.

Mwenye jimu alieleza yote bila kuhimizwa, maana mwenye aibu akishaanza kusema huwa hajui pa kuishia. Alikuwa akijidunga homoni ya kiume ili misuli ijae, na mwili wake, ambao haukuombwa ushauri, ukawa unaigeuza ziada kuwa homoni ya kike. Mwaka jana akaanza kuota matiti. Mwenzake mmoja akamnong'oneza kwamba kuna kidonge cha akina mama kinachozuia jambo hilo, akakimeza, na kweli kikazuia. Alinunua kwenye duka la dawa la barabara kuu na alikuwa na risiti zote, zimebanwa kwa pini.

Inspekta alilinganisha namba ya toleo iliyochapwa chini ya kopo na ile aliyoinakili kutoka stoo ya hospitali. Hazikukaribiana hata kidogo. Alimwomba radhi, akamshauri akamwone daktari wa moyo, akatoka mikono mitupu.

Ndani ya gari alikaa dakika kadhaa bila kuwasha injini. Siku tano zilikuwa zimepita tangu fundi cherehani mmoja, mama wa miaka hamsini na moja, aanguke jikoni kwake akiosha vyombo na kukata roho pale pale. Uchunguzi wa maiti ulionyesha bonge la damu lililotoka mguuni likapanda mpaka kwenye mapafu. Mwanawe alikuja kituoni na bahasha ya dawa yenye vidonge tisa, akaiweka kaunta na kusema mama yake ameuawa na dawa bandia. Bosi wa Inspekta alitaka jalada lifungwe, kwa sababu daktari wa saratani mwenyewe alikiri kwamba dawa ile, pamoja na kuokoa maisha ya wengi, mara chache hugandisha damu. Vidonge vilikuwa kwa mkemia wa serikali, ambaye mashine yake ilikuwa mbovu tangu Jumatatu.

Jambo moja lilimnyima Inspekta raha. Bahasha ile ilitolewa siku ishirini na sita zilizopita, ikiwa na vidonge thelathini. Kama ndani yake mlikuwa na kitu kibaya, na kama siku hiyo wanawake wengine walipewa kitu hicho hicho, basi walikuwa wanakimeza kila asubuhi. Walikuwa wamekimeza hata leo.

Alirudi nyumbani kwa marehemu. Wifi yake fundi, dada wa mumewe aliyekuwa akiishi naye, alikuwa chumbani akikunja nguo na kuzipanga mafungu mafungu ya kugawa. Inspekta alikuwa ameshamhoji kuhusu siku ya kifo, saa, chakula na maneno ya mwisho, na yote hayo hayakumfikisha popote. Safari hii akauliza jambo ambalo hata yeye hakujua kwa nini analiuliza.

"Alikuwa analalaje?"

Wifi alishangaa, kisha akaweka gauni chini. Alisema marehemu alikuwa na miaka minne hajui usingizi. Tangu aanzishiwe dawa ile, joto lilimpanda ghafla mara tano, mara sita kwa usiku mmoja, akatota jasho mpaka akahama kitanda. Alilala sakafuni, dirisha wazi, kitambaa cha maji kifuani. Pale nyumbani walimpa jina la Jiko, na yeye mwenyewe aliwaambia waje na sufuria.

"Halafu hizi wiki mbili za mwisho akapona," alisema wifi. Alivuta kutoka kwenye fungu moja blanketi zito la sufu. "Alilitoa hili juu ya kabati kwa mkono wake, akajifunika. Asubuhi akaja kuniamsha nikashike shuka, nione lilivyo kavu. Tulicheka, afande. Tulicheka mpaka nikatokwa na machozi."

Inspekta alilipapasa blanketi lile, akalirudisha mahali pake. Fundi alikufa akijisikia vizuri kuliko alivyowahi kujisikia kwa miaka minne. Mgonjwa ni yule yule na dawa ni ile ile, au ndivyo bahasha ilivyosema, sasa joto lilikwenda wapi? Aliaga haraka mpaka akasahau kutoa pole.

Ilikuwa siku ya kliniki. Ukumbi wa kusubiri ulikuwa umejaa wanawake, kila mmoja na kadi yake, wengi wakijipepea kwa kadi hizo hizo. Daktari wa saratani, mama mfupi asiyejua kutembea polepole, alimpa Inspekta dakika tano kati ya mgonjwa na mgonjwa. Inspekta alimwomba amweleze dawa ile inavyofanya kazi, lakini amweleze kama anamweleza mtu aliyeshindwa biolojia shuleni.

"Basi chukulia homoni ya kike ni karani," alisema daktari. "Kila kiungo kina ofisi, na ofisi ina kiti chake. Karani akikaa, kazi inaanza. Hii dawa ni mtu mwingine anayewahi kiti. Kwenye titi anakaa tu, hagusi hata kalamu. Karani akija anakuta kiti kimekaliwa, anaondoka, na saratani inakosa chakula. Lakini mtu huyo huyo mpeleke kwenye mfupa, anachapa kazi vizuri sana, mfupa unakuwa imara. Kwenye mfuko wa uzazi anachapa kazi kupita kiasi, ndiyo maana tunawapima mara kwa mara."

"Na kichwani?"

"Kichwani anakaa bure, kama kwenye titi. Ubongo unadhani homoni imekwisha, unapiga kelele. Kelele zenyewe ndiyo hilo joto."

"Likikoma ghafla?"

Daktari alikuwa anaandika huku akizungumza, na hapo kalamu ilisimama. Joto huweza kupungua lenyewe, alisema, lakini taratibu, kwa miezi na miaka. Kukoma ndani ya siku chache baada ya miaka minne ya mateso ni kitu kingine. Maana yake kiti kimeachwa wazi na karani amerudi, tena amerudi na wenzake. Inspekta akamuuliza kama karani huyo anauzwa kwa vidonge.

"Anauzwa. Wanawake wengine wazima hupewa wakifikia ukomo wa hedhi. Lakini si hawa wangu. Kwa hawa, homoni ni kulisha saratani kwa kijiko. Na kwa kiwango kikubwa inagandisha damu."

Wote wawili walisimama kwa pamoja.

Kwa miaka ishirini ya upelelezi Inspekta alikuwa ameuliza watu wameumia wapi. Sasa alisimama mbele ya ukumbi mzima akiomba asikie mtu aliye mzima, na alitamani asimpate. Aliwasalimu akina mama, akaomba samahani kwa kuwasumbua, akauliza kama kuna ambaye mwezi huu joto limemwacha.

Ukumbi uliangua kicheko. Mama mmoja akasema kama dawa ya hivyo ipo, afande asiwe mchoyo. Kisha mikono miwili ikanyanyuka, mmoja karibu na mlango na mwingine safu ya nyuma, na wenye mikono walikuwa wanatabasamu kama walioshinda bahati nasibu. Yule wa nyuma alisimama kabisa ili aonekane. Jirani zake walimtazama kwa kijicho, na mmoja akamuuliza anakula nini.

Bahasha zao zilikuwa na tarehe ile ile ya bahasha ya fundi, na kila moja ilibakiwa na vidonge vinne. Daktari hakusubiri chumba. Alipiga magoti pale pale ukumbini akawapapasa miguu, mmoja baada ya mwingine, akaagiza walazwe waangaliwe. Tabasamu likawatoka bila hata kuambiwa sababu. Wakati wanaondolewa, simu ya Inspekta ililia. Alikuwa mkemia wa serikali, mashine imepona, na alitaka kujua ni nani aliyempa mgonjwa wa saratani ya titi estrojeni, yaani homoni ya kike, ya nguvu namna ile.

Mtoa dawa wa dirishani alikuwa mzee wa tai na shati lililopigwa pasi, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Wagonjwa walimwita Tano-Tano, kwa sababu alihesabu vidonge vitano vitano kwa kisu bapa juu ya sahani, akinong'ona, na hakuwahi kukosea hata kimoja. Inspekta aliingia kwa mlango wa nyuma, daktari na muuguzi mmoja wakimfuata, akashusha pazia la dirisha mbele ya foleni iliyoanza kunung'unika, akamwagia vidonge viwili kwenye sahani yake. Kimoja kilitoka kwenye kopo la hospitali, kingine kwenye bahasha ya mama wa safu ya nyuma.

Vyote vilikuwa vyeupe, vya mviringo, vidogo. Kimoja kilikuwa na mstari katikati na kingine hakina. Mzee alivitazama akasema kila zabuni ikibadilika vidonge huja na sura mpya, na yeye alishaacha kushangaa sura.

"Hiki kisicho na mstari kilitoka kopo gani?" aliuliza Inspekta.

"Hicho hakikutoka kwenye kopo, afande."

Mzee alivuta kiti akakaa bila kukaribishwa, na maelezo yakatoka. Mgonjwa akifariki, ndugu zake huja kurudisha dawa zilizobaki. Sheria inasema zichomwe. Lakini dawa ile ilikuwa inakatika kila baada ya miezi mitatu, na mzee aliwahi kuwarudisha wanawake nyumbani bahasha tupu mkononi. Aliuliza, bila kumwuliza mtu hasa, angechoma vipi dawa nzima huku mwenye shida amesimama nje ya dirisha. Kwa hiyo za marehemu alikuwa anaziweka chini ya kaunta, na kopo likikaribia kwisha anazitoa.

Siku ishirini na sita zilizopita binti mmoja alileta chupa ya marehemu mama yake, mkunga mstaafu aliyetibiwa hapo hapo. Chupa ilikuwa ya hospitali, lebo ya hospitali, na imejaa mpaka shingoni. Mzee alivihesabu vidonge vitano vitano, vikatimia mia na themanini. Alimshukuru Mungu.

Inspekta alimpigia simu binti yule papo hapo. Binti alikumbuka kwamba mama yake naye alikuwa anateswa na joto, kisha ghafla likakoma, miezi sita kabla saratani haijarudi na kummaliza. Alikumbuka pia kwamba mama hakutaka mtu aguse chupa ile. Inspekta hakuhitaji zaidi. Mkunga aliyefanya kazi hiyo miaka thelathini alijua kidonge gani kitamrudishia usingizi, alijua wapi pa kukipata, na alikificha ndani ya chupa ya hospitali ili wanawe wasimgombeze. Alijitibu kwa siri, na siri yake ikarithiwa na watu asiowajua.

"Mia na themanini ni bahasha sita," alisema Inspekta. "Nitajie."

Mzee alizitaja kwa namba za kadi, kichwani, bila kufungua rejista. Wa kwanza alikuwa fundi cherehani. Alisema fundi alimwombea dua siku ile, kisha akaendelea. Wa pili na wa tatu walikuwa wale wa ukumbini. Wa nne alikuwa muuza mikate, na muuguzi akampata kwa simu mara moja, akamwambia asimeze tena na aje kwa gari, si kwa miguu. Wa tano alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Huyo naye alipokea, na alianza kubisha mpaka daktari mwenyewe alipochukua simu.

Kisha mzee akawa anakinyoosha kisu chake kando ya sahani, akikisogeza huku na huku. Inspekta alimwangalia, na shaka yote ya siku mbili ikamrudia. Bahasha tano alizitaja bila kusita, hii ya sita imekwama kooni.

"Hiyo uliiuza," alisema.

Mzee alitikisa kichwa. "Ni ya mke wangu."

Nje mtu aligonga dirisha, akaacha.

"Ana kadi kama mgonjwa yeyote," alisema mzee. "Lakini siku ile kopo lilikuwa limebaki na za watu wachache, na foleni unaiona. Sikutaka mtu aseme natoa kwenye kopo nampelekea wa nyumbani kwangu. Nikasema wengine wakikosa, na yeye apate hizi za marehemu. Niliona ndiyo haki."

"Joto lake?"

"Limeisha." Alivua miwani. "Siku hizi analala hata mchana. Nilifurahi sana, afande."

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, na mara ya tatu Inspekta akaichukua simu na kubonyeza mwenyewe. Haikupokelewa. Daktari alikuwa tayari anaagiza ambulensi.

Nyumba ilikuwa mwendo wa dakika saba, ghorofa ya tatu, na ngazi zilikuwa nyembamba. Mzee alipanda akihema, akaufikia mlango, na funguo zikakataa kuingia kwenye kitasa. Inspekta alimtoa funguo mkononi. Alikuwa ameingia kwenye nyumba nyingi za namna hii, na alijua jinsi nyumba inavyonyamaza mwenyewe anapokuwa hayupo tena. Hii ilikuwa imenyamaza hivyo hivyo.

Mkewe alikuwa amelala kwenye kochi, uso umegeukia ukuta, simu iko mezani mbali naye. Mzee alisimama mlangoni, hakuweza kusogea. Inspekta ndiye aliyevuka sebule akaweka mkono kwenye bega la yule mama. Bega lilikuwa na joto la kawaida la mtu aliye hai, na Inspekta alishusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu chini ya ngazi.

Mama alifumbua macho. Alimwona afande asiyemjua, kisha akamwona mumewe, saa sita mchana, bila miwani.

"Umefukuzwa kazi?" aliuliza.

Mzee alipiga magoti, akaipandisha kanga ya mkewe kidogo, akashika shavu la mguu huu kwa mkono mmoja na la mguu ule kwa mkono mwingine. Wa kulia ulikuwa mguu aliouzoea. Wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi imekaza na kung'aa, na vidole vyake viliacha alama.

"Tangu lini?"

"Tangu juzi. Nilijua ni viatu vya kanisani. Nimekuwa nausugua na mafuta."

"Usiusugue tena," alisema mzee. "Usisimame, na usigeuke."

Watu wa ambulensi walifika na machela, na Inspekta akawaachia nafasi. Mzee alikataa kuachia. Alishika mpini wa mbele mwenyewe, tai yake ikining'inia usoni mwa mkewe, wakaanza kushuka taratibu, ngazi baada ya ngazi. Inspekta alifuata nyuma na mkoba wa mama na bahasha yake yenye vidonge vinne, akiogopa kila machela ilipoinama. Ghorofa ya pili mama alimwuliza mumewe kwa nini analia mbele za watu.

"Vidonge vile sivyo," alisema mzee. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Vile vidonge sivyo. Na ni mimi niliyekupa."

Mama aliinua mkono akamsogezea tai pembeni apate kumwona.

"Najua ni wewe," alisema. "Ningepokea kwa nani mwingine?"

Kisha akasema kifua kinambana kidogo, na mtu wa ambulensi akawaambia waongeze mwendo.